Mkia Wapanda, Mkia Washuka

Kabla sijaanza kujifunza Kijapani nilikuwa mtu wa usingizi mzuri. Ungeweza kuing'oa nyumba yetu ya Msambweni na mimi ndani yake, ukaipeleka mpaka Lungalunga, nami ningeamka alfajiri nikashangaa tu mbona muadhini ana mafua. Muhula mmoja wa Kijapani ulitosha kunimaliza. Nilikonda, na mimi si mtu wa kukonda. Shangazi yangu alinivuta kando harusini akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ameoa mke wa pili. Nikamwambia hapana shangazi, ni herufi. Akanitazama kwa huruma zaidi.

Chanzo chake kilikuwa shati. Nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, na wakati huo walikuwa wakija wageni wa Kijapani, wahandisi, kupumzika siku mbili tatu. Mmoja wao aliweka shati lake kwenye mfuko wa nguo chafu pamoja na karatasi yenye mistari minne ya maandishi ya kwao. Niliigeuza karatasi ile juu chini, nikaona ni mapambo mazuri, nikaitia mfukoni mwa aproni. Shati nikalitia kwenye mashine ya maji moto pamoja na mashuka ya watu wazima. Lilipotoka ungeweza kumvisha paka, na ungelazimika kumtafuta paka mdogo.

Nikalipeleka mwenyewe mlangoni kwa mgeni, nimelibeba kwa mikono miwili kama nabeba maiti. Mhandisi akalitazama shati, akanitazama mimi, kisha akainama mpaka nikakiona kisogo chake, akaniomba radhi. Alisema, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kosa ni lake kwa kuandika onyo la maji moto kwa lugha nisiyoisoma. Mimi nimeharibu, yeye anaomba radhi. Angenitukana ningelala. Mimi ndiye niliyekaa kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, shule ya jioni, dawati moja na binti wa rafiki yangu, nikafaulu na kusimama kwenye picha na joho la kuazima. Nilikuwa nimewaambia watu wa Msambweni wote, na nusu ya watu wa Kwale, kwamba sasa hakuna karatasi duniani itakayonishinda kusoma.

Kwa hiyo chuo kimoja pale Ukunda kilipobandika tangazo la masomo ya Kijapani, jioni tatu kwa wiki, nilikuwa wa pili kujiandikisha. Tatizo lilikuwa zamu. Nilikwenda kwa mkuu wa dobi, bwana mmoja mrefu ambaye huongea huku anakagua kola za mashati.

"Kijapani," akasema. "Wewe hata Kiingereza chako wageni wanakisikiliza kwa ajili ya kucheka."

"Ndiyo maana nataka kuwapumzisha, bosi. Niwachekeshe kwa Kijapani."

Hakucheka, lakini kola aliiweka chini. "Muhula mmoja nakutoa zamu ya jioni. Ukifaulu mtihani, utabaki asubuhi mpaka umalize kozi yako. Ukianguka, unarudi jioni, na habari za shule sitaki kuzisikia tena mpaka nistaafu."

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Nilipiga hesabu ya kustaafu kwake nikapata miaka kumi na tisa. Darasa la pili lilikuwa la waliofaulu tu, na zamu ya jioni na darasa zilikuwa saa zile zile. Nikianguka, basi shule kwangu imekwisha.

Tulikuwa kumi na mmoja. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Matuga aliyeishi Japani miaka mingi akarudi na sauti ya chini sana, kama anaogopa kuamsha mtoto. Tulimwita Sensei, kama wanavyoitwa walimu huko. Mbele yangu alikaa binti wa mapokezi kutoka bara, mwenye kucha ndefu na simu iliyojua kila kitu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Mkwiro, nahodha wa mashua ya kupeleka wageni kuona pomboo, mtu wa miaka sitini hivi, kofia yake ya kiua imepigwa pasi vizuri kuliko shuka lolote nililowahi kulipiga mimi. Siku ya kwanza nilimwamkia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umeletwa na nini huku?"

Nikamsimulia shati. Akatikisa kichwa.

"Mimi Wajapani waja chomboni mwangu, watu wa heshima sana. Nawaonyesha pomboo. Wafurahi. Waniuliza jambo. Sasa mimi nifanye nini? Nawaonyesha pomboo tena."

Herufi zenyewe ni seti mbili kabla hata hujafika kwenye yale maandishi makubwa ya kutisha. Seti ya kwanza ina herufi arobaini na sita, zimejipinda, kila moja kama kaa aliyekimbia akaacha mguu. Seti ya pili arobaini na sita nyingine, zimenyooka kama vijiti vya kuwashia moto, na sauti ni zile zile. Nilimuuliza Sensei kwa nini wasichague seti moja. Akasema ni swali zuri. Alikuwa akisema hivyo kila mara alipokuwa hana la kutusaidia.

Jaribio la kwanza nilirudishiwa karatasi imejaa vema nyekundu kutoka juu mpaka chini. Vema, ile alama ya kupata. Nilikwenda nayo nyumbani nimeishika kwa nje ili majirani waione. Mume wangu alinunua kuku. Jumatano yake ndipo Sensei alipotueleza, kwa upole wa kuua, kwamba kwao Wajapani aliyepata huwekewa duara, na alama ile ya vema ni ya kukosa. Nilikuwa na maduara mawili kati ya ishirini. Kuku alikuwa ameshaliwa.

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Wiki ya pili nikapata maduara matatu, ya tatu nikarudi kwenye mawili. Nilibandika herufi juu ya mashine, juu ya pasi, juu ya mlango wa choo cha wafanyakazi, mpaka mkuu wa dobi akauliza kama tumeingiliwa na mganga. Nikifumba macho zinaruka, nikifumbua zimeondoka. Binti wa mapokezi alikuwa akipata maduara kumi na tisa.

"Aunty, relax," aliniambia. "Hii ni kitu ya kucram tu. Unaweka kwa phone, unaswipe, unaswipe."

Nikaziweka kwenye simu, nikaswipe mpaka kidole kikanivimba. Simu ilizijua. Mimi sikuzijua.

Aliyetuokoa ni nahodha, ambaye naye alikuwa na duara moja na hakuwa amelala vilevile. Jioni moja kabla ya darasa alinikuta barazani nimeshika kichwa.

"Mwanangu, madrasa ulisoma wapi?"

"Msambweni, ami."

"Herufi za Kiarabu zilikuingiaje?"

Nikakumbuka. Mimi na watoto arobaini kwenye mkeka, tunayumba mbele na nyuma kama mnazi mmoja wenye vichwa arobaini, maalimu anataja na sisi tunaitikia. Alifu, haina kitu. Bee, nukta moja chini. Tee, nukta mbili juu. Hakuna aliyekaa kuzitazama herufi akazikariri. Ziliingia kwa mdomo na kwa kiuno, na hazijatoka mpaka leo.

"Basi hizi nazo tuzivalishe kanzu," akasema nahodha.

Tukazivalisha. Kila herufi tukaitungia maneno yake, na tukaanza kusoma pale barazani, mmoja anataja, mwingine anaitikia, tunayumba. Hata mpangilio ulitupokea, maana Wajapani nao huanza a, i, u, kama tulivyoanza sisi kwenye irabu za madrasa. Ndani ya wiki moja wenzetu sita wamejiunga, watu wa Waa, wa Tiwi, na kijana mmoja Mkamba wa Kinango ambaye hajawahi kuiona madrasa lakini alikuwa na sauti nzuri. Sensei alipotukuta mara ya kwanza alisimama na mkoba wake kifuani muda mrefu. Nilidhani tumemkosea. Kumbe yeye mwenyewe alisoma madrasa Matuga, na naona ilikuwa miaka mingi hajaona watu wanayumba.

Zilizotusumbua zaidi ni nne za seti ya pili, zinazofanana kama pacha wanne wa mama mmoja: shi, tsu, n, so. Zote ni vijiti na mkia. Tukazigawana ili zikae. Mimi nataja shi, yeye anaitikia: vijiti viwili vimelala, mkia wapanda juu. Nataja tsu: vijiti viwili vimesimama, mkia washuka. Kisha yeye anataja n, mimi naitikia: kijiti kimoja kimelala, mkia wapanda juu. Anataja so: kijiti kimoja kimesimama, mkia washuka. Tulikuwa wazuri hata watu walikuwa wakisimama na viazi karai vyao kutusikiliza. Nilipata maduara kumi na sita. Nahodha kumi na tano. Sikununua kuku, nilikuwa nimejifunza.

Tulilolikosa kuliona, na leo naliona kama mchana, ni kwamba nusu ya zile herufi zilikuwa kinywani mwangu na nusu kinywani mwake. Hakuna kati yetu aliyekuwa nazo zote.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeoga mara mbili na kusoma kila dua ninayoijua, zilipokwisha nikasoma ya kupandia chombo. Ukumbi ulikuwa umepangwa madawati mbali mbali, umbali wa mtu kulala katikati. Binti wa mapokezi alikaa mbele, nahodha madawati mawili nyuma yangu. Mtahini alikuwa mama mmoja aliyetoka Nairobi, miwani imefungwa mnyororo, viatu vya soli laini ambavyo humsikii anapokuja. Sensei hakuruhusiwa hata kukanyaga ngazi. Ukutani palikuwa na karatasi: Atakayetoa sauti atatolewa nje.

Niliisoma ile karatasi mara tatu. Sikuwa nimewahi kuzisoma zile herufi kimya. Hata mara moja.

Maswali nane ya kwanza nilipita kama mtu anayevuka barabara ya Likoni, macho mbele na Mungu pembeni. Nilikuwa najiyumbisha kidogo tu, chini ya meza, kwa vidole vya miguu. Swali la tisa likawa wale pacha wanne. Wamepangwa mstari mmoja, kila mmoja uandikiwe sauti yake. Nilimtazama wa kwanza akanitazama. Jasho lililonitoka lingejaza birika la msikiti wa Ijumaa. Nikafumba macho, nikayumba mbele, nikasema, "Tsu."

Naapa nilisema kwa sauti ambayo hata nzi aliyekaa juu ya karatasi yangu hakushtuka. Lakini nahodha ni mtu aliyeishi miaka arobaini akisikiliza maji yanavunjikia mwamba gani. Alisikia. Na kwa sauti ile ile anayoitia vyombo kutoka upande wa pili wa mkondo, akaitikia:

"Vijiti viwili vimesimama, mkia washuka."

Ukumbi ukatulia hata feni ukaisikia inafikiri. Binti wa mapokezi akalaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika. Mtahini akawa amesimama katikati yetu, sikuona alivyofika.

"Nani amesema?"

Nahodha akainuka, akavua kofia. "Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

Angeweza kusema anaota. Angeweza kusema ni wazimu. Nilimwomba Mungu aseme ni wazimu. Nahodha akafikiri, kisha akaniinulia kidevu. "Nimemwitikia huyu."

Mtahini akachukua karatasi yangu, akachukua yake, akaziweka pamoja. "Swali la tisa," akasema. "Herufi hii hii. Tokeni nje nyote wawili."

Tukatoka mpaka barazani. Nilikuwa nakiona chumba cha dobi jioni, taa ile nyeupe, mashuka, miaka kumi na tisa ya mashuka. Na juu ya hilo, jina la mwizi wa mtihani. Kuanguka ningeweza kuwaeleza watu wa Msambweni. Kuiba ningewaelezaje?

Sensei aliitwa akaja mbio, akamwinamia mtahini mara tatu. Mtahini, ambaye ni Mkenya kama sisi, hakujua amfanyie nini.

"Hawa wanafunzi wako wamepeana jibu mbele ya macho yangu."

"Si jibu," akasema Sensei. "Ni kisomo."

"Kisomo gani?"

"Huku kwetu mmoja hutaja, wengine huitikia. Ndivyo walivyozihifadhi. Ukimtajia mtu usidhani ataweza kunyamaza. Ni kama umemtolea salamu."

"Mimi nimesoma bara," akasema mama. "Kwetu mtihani watu hunyamaza."

"Hata kwetu," akasema nahodha kwa unyenyekevu. "Ila nimesahau."

Nilidhani amemaliza kutuzika. Mama akavaa miwani, akatoa orodha ya herufi kwenye faili lake. "Nionyesheni. Seti ya pili. Hizi nne za swali msizitaje, nikizisikia tumemalizana."

Tukasimama pale barazani, mzee wa miaka sitini na mama wa watoto watatu, tukaanza. Nilitaja, akaitikia. Alitaja, nikaitikia. Kidole cha mtahini kilikuwa kinafuata kwenye orodha, na mimi nilikuwa nakitazama kidole kile kuliko nilivyowahi kutazama kitu maishani. Nikiruka moja, sisi ni waongo. Hatukuyumba, tuliona haya, na bila kuyumba safu ya nne ikanitoka kichwani.

"Yumba, mwanangu," akasema nahodha bila kunitazama.

Nikayumba. Ikaja. Muuza viazi karai nje ya ua alikuwa ameacha mafuta yanaungua, kijiko mkononi. Tulipofika mwisho kidole kilikuwa mwisho.

Mtahini akafunga faili. Hakutabasamu, na sikumtarajia. "Sawa. Sikuwahi kuona, lakini sawa. Swali la tisa nalifuta kwenu wawili. Dakika zilizopita zimepita, sizirudishi. Mtakaa vyumba tofauti. Ndani ya chumba chako soma utakavyo, hata ukiimba. Lakini nikisikia mmoja amemjibu mwenzake, karatasi zote mbili nazifuta, na ripoti naandika."

Vyumba vyenyewe vilikuwa kimoja kilichokatwa katikati kwa mbao nyembamba. Upande wa pili nilimsikia nahodha akivuta kiti, akikohoa, akivua viatu.

Zilibaki dakika ishirini na mbili na maswali kumi na moja. Swali la tisa lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, lakini wale pacha hawakuishia hapo. Walikuwa kwenye orodha ya chakula, kwenye jina la hoteli, kwenye barua ya mgeni, wamejaa kila mahali kama siafu. Nikataja, "Shi." Kimya. Nilikuwa sijawahi kusikia kimya baada ya shi. Ilikuwa kama kupeleka mkono kwenye sinia ukakuta umekaa peke yako. Ikabidi nijijibu mwenyewe kwa sauti ya nahodha, na ya kwanza kunijia ilikuwa tsu, kwa sababu alikuwa amenipa mbele ya watu wote nusu saa iliyopita. Kwenye tsu nikapapasa mpaka kwenye shi. Nikaanza kuandika.

Ndipo nikamsikia.

"So," akasema nahodha upande wa pili.

Akangoja.

"So."

Nilijua anachongoja. Alikuwa anangoja sauti yangu. Kijiti kimoja kimesimama, mkia washuka, ilikuwa hapa, juu ya ulimi, imeshavaa viatu. Viatu vya soli laini vilikuwa nje ya mlango, sivisikii lakini navijua. Nikauma ncha ya mtandio wangu, kama tunavyouuma mikono ikiwa imejaa mizigo, nikauma kweli, mpaka nikasikia ladha ya sabuni.

"So," akasema. Kisha, "N." Kisha akarudi, "So." Alitaja kwa upole, kama mtu anayegonga mlango wa jirani anayejua yumo ndani. Mkono wangu ulikuwa unaandika na macho yananitoka machozi, na sidhani nimewahi kuandika haraka vile. Nilikuwa nimejibu barua ya mgeni yote kabla ya mara ya saba. Baada ya hapo hakutaja tena. Nilisikia kalamu yake ikiandika kidogo, ikisimama, ikiandika.

Wiki mbili za kungoja matokeo sizihesabu kwenye umri wangu. Niliunguza foronya tatu. Mume wangu anasema nilikuwa nikiongea usingizini, na kila nikisema neno moja nilikuwa nanyamaza kabisa, kama naogopa atanijibu.

Karatasi ilibandikwa asubuhi, nami nikapita kabla ya kazi. Binti wa mapokezi alikuwa wa kwanza, tisini na kitu, alinikumbatia mpaka kucha zikanichoma. "Aunty, umepass. Si nilikuambia?" Alama ya kufaulu ilikuwa sitini. Mimi sitini na mbili. Nikalifuata jina la nahodha kwa kidole mpaka pembeni. Hamsini na saba.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ametoka Mkwiro alfajiri. Nikamwamkia, akaitika, nikakaa chini yake.

"Umepita," akasema.

"Nimepita, ami."

"Alhamdulillahi." Alikuwa anageuza kofia mikononi. "Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilitaja mara ngapi?"

"Saba."

"Nane. Ya mwisho nilitaja moyoni."

Nilimwambia anisamehe. Nilisema mengi, sikumbuki, nilisema habari ya mkuu wa dobi, na mashuka, na kwamba yeye alinijibu tsu na mimi sikumjibu kitu. Akaniacha nimalize.

"Ungejibu ungekuwa jioni hii wapiga pasi," akasema, "na mimi niko hapa hapa kwenye ngazi. Hakuna faida." Akaigeuza kofia tena. "Lakini ningekuwa mimi ningejibu. Mdomo ungenitangulia. Ndiyo maana wewe umepita."

Sikujua ananisifu au ananisema. Mpaka leo sijui, na tumeonana mara nyingi, na mara nyingi nimetaka kumuuliza.

"Haya," akasema. "So."

Nikageuka kutazama kama kuna mtu mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Kijiti kimoja kimesimama, mkia washuka."

"N."

"Kijiti kimoja kimelala, mkia wapanda juu."

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa taja wewe, nijibu mimi."

Nikataja. Akajibu zote mbili bila kukwama, kwa ile sauti ya kuita vyombo, hata watu wa ofisini wakachungulia dirishani. Kisha akavaa kofia, akaenda kupanga foleni ya kujiandikisha darasa la kwanza upya. Foleni ilikuwa ndefu na jua limeshapanda. Nilisimama naye mpaka zamu yake ikafika, ingawa Diani walikuwa wananingoja tangu saa mbili.